Winta shusheni rimu, urembo usubiri Mei

Kila ikianza Oktoba simu yangu inajaa meseji za watu wetu wa hapa Ottawa, Canada, na wa ng'ambo ya mto kule Gatineau, dada nimenunua gari, winta hiyo inakuja, ninunue tairi gani na saizi gani. Wengine wananitumia picha ya gari zima, linang'aa, mwenyewe kaegemea boneti kavaa miwani, tairi yenyewe hata haionekani. Jamani mi sitaki picha ya boneti. Nataka picha ya ubavu wa tairi na picha ya kile kistika kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, ndo zenye majibu yote. Nimeona niandike hapa kila kitu mara moja, atakayeuliza nimtumie linki nikalale, manake zamu zangu ni za usiku kwenye nyumba ya wazee na natoka saa kumi na mbili asubuhi wakati magreda ya theluji bado yako barabara kubwa na mitaa ya ndani haijaguswa wala haijamwagiwa chumvi. Mi sio fundi. Ila kwa mazingira hayo utajifunza tairi upende usipende.

Msimamo wangu nauweka hapahapa juu ili asiyeutaka asipoteze bando: winta unashusha saizi ya rimu. Gari imekuja na rimu ya inchi 19 weka 17, imekuja na 18 weka 17, au hata 16 kama breki zinaruhusu, na tairi iwe nyembamba kidogo na ubavu mrefu, alafu nunua rimu za pili kabisa zikae na hizo tairi za winta moja kwa moja. Mambo ya rimu kubwa nyeusi za kung'aa yaacheni mpaka Mei.

Kwanza sheria maana hapa watu wanachanganyana sana kwasababu mji mmoja tunaishi kwenye mikoa miwili, Ottawa ni Ontario, Gatineau ni Quebec. Quebec ni lazima. Gari ndogo yoyote iliyosajiliwa Quebec inatakiwa iwe na tairi za winta kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi, sheria ilianza winta ya 2008 na zamani tarehe ilikuwa 15 Desemba wakairudisha nyuma 2019, ukikamatwa faini ni dola 200 mpaka 300 na makato mengine juu yake. Ontario hakuna ulazima. Sasa watu wa upande wetu wakisikia hakuna ulazima wanachekelea, wanaona wa Gatineau wanaonewa, lakini daraja ni lilelile na barafu ni ileile, haisomi namba ya gari. Kitu ambacho wengi wa Ontario hawakijui ni kwamba toka Januari 2016 kampuni za bima za huku zinalazimika kukupunguzia bei ukiwa na tairi za winta nne. Sio hela nyingi, ila ni hela yako, na hawakupi mpaka uwapigie uwaambie. Pigeni simu.

Sasa tairi yenyewe. Usiangalie mauandishi ya dukani, angalia ubavuni utafute alama ya mlima wenye vilele vitatu na kiua cha theluji ndani yake. Hiyo ndo tairi ya winta. Ukikuta herufi M+S peke yake hiyo ni habari ya matope na theluji kwa maneno tu, inamaanisha kashata zake, yale manundu ya mpira yanayokanyaga barabara, zimeachiana nafasi kiasi fulani, hakuna aliyeipeleka kwenye theluji akaipima. Yenye mlima imepimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na ikaishinda tairi ya kipimo kwa angalau asilimia 10. Quebec zamani walikuwa wanazikubali M+S, toka mwisho wa 2014 wakazikataa, na Ujerumani nao toka Oktoba 2024 ni mlima tu. Ila na hiyo alama msiiabudu sana, inapima kuvuta kwenye theluji, haipimi breki kwenye barafu, ndo maana kuna zile tairi za mwaka mzima zenye alama ya mlima, zinauzwa kwa mtu asiyetaka usumbufu wa kubadilisha, na ni halali kabisa hata Quebec, lakini asubuhi yenye barafu tupu hazifikii tairi halisi ya winta. Kwa mtu anayekaa mjini, anafanyia kazi nyumbani, anatoka barabara zikishasafishwa, sawa nachukua hoja. Kwa mtu wa zamu ya usiku kama mimi, hapana.

Siri ipo kwenye mpira. Tairi ya kawaida ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kuwa ngumu, ikifika -20 ukiibonyeza kwa kidole gumba unahisi kama umebonyeza plastiki. Ya winta mpira wake unabaki laini, na ukichungulia kwenye kashata utaona imechanjwa vimstari vyembamba vyembamba vingi, hivyo vinafunguka tairi ikikanyaga na kuuma. Na nyingine zina vitundu vidogo ndani ya mpira wenyewe vya kunyonya maji. Maji gani tena kwenye barafu, mtu atauliza. Ndo hivyo, barafu inayoteleza kuliko zote sio ya -25, ni ile ya karibu na sifuri, ina utando mwembamba wa maji juu yake ambao ndo unakutelezesha. Kwa hiyo siku ya baridi kali unaweza kushangaa gari imetulia, kesho yake kajua kametoka, nyuzi 0, kila mtu yuko mtaroni.

Wafini ndo walianza haya mambo, kampuni ya pale Nokia ilitoa tairi ya winta ya malori mwaka 1934 na miaka miwili baadae ikaja Hakkapeliitta ya magari madogo, jina hilo lipo mpaka leo na bei yake mpaka leo inauma. Wajapani nao walikuwa wanatumia tairi za misumari, lami ikawa inasagwa, miji ya kaskazini inajaa vumbi watu wanakohoa, 1990 wakapitisha sheria ya kuzikataza. Hapo ndo tairi laini zisizo na misumari zikashamiri, Blizzak ya Bridgestone ilikuwa imeshatoka 1988. Hapa kwetu za misumari Quebec wanaruhusu kuanzia 15 Oktoba mpaka 1 Mei, Ontario ni kwa watu wa kaskazini tu, sisi wa Ottawa tunahesabika kusini kwahiyo sahau.

Hapo kwenye Wajapani niweke kitu kwa ndugu zangu wa Dar na Mombasa mnaosoma huku mnajiuliza inawahusu nini. Inawahusu. Gari nyingi mnazoagiza Japani, hasa zilizokuwa zinaishi maeneo ya theluji kama Hokkaido, zinashuka bandarini na tairi zao za winta, na tairi za mtumba zinazokuja kwenye makontena nazo zimo humohumo. Ukiona ubavuni kumeandikwa STUDLESS, au Blizzak, au kuna ule mlima wenye theluji, hiyo tairi imetengenezwa kwa ajili ya baridi. Muuzaji atakwambia ona kashata zilivyojaa, ona ilivyo laini, na kweli ni laini, tatizo ndo hilohilo, kwenye lami ya Dar saa nane mchana inalegea, breki ndefu, kona gari inayumba, na inaisha haraka ajabu. Kaka yangu alikuwa nazo kwenye Noah yake anasifia haina kelele. Haina kelele ndio, inayeyuka! Ukinunua gari ikaja nazo zitoe, na wala usimuuzie jirani.

Haya, saizi. Hapa ndo watu wanakimbia lakini ni hesabu za darasa la sita.

Shemeji yangu kanunua Toyota Camry SE ya mtumba mwaka huu, nzuri tu, injini ndogo ya silinda nne, tairi zake ni 235/45R18. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, 235. Ya pili ni urefu wa ubavu ila sio milimita, ni asilimia ya huo upana, yaani asilimia 45 ya 235. R ni radial, zote siku hizi ni hizo. 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ndo Wazungu walivyoamua, tairi moja vipimo vitatu, milimita, asilimia na inchi, tuwaache. Basi chukua 235 zidisha 0.45 unapata 105.75, huo ni ubavu mmoja, kuna wa juu na wa chini kwahiyo mara mbili 211.5, ongeza rimu 18 mara 25.4 ambayo ni 457.2, jumla tairi nzima ina kimo cha milimita 668.7.

Sasa angalia 215/55R17 ambayo ni saizi ya Camry LE, ileile gari ila ya chini yake kidogo kwa mbwembwe. 215 mara 0.55 ni 118.25, mara mbili 236.5, ongeza 17 mara 25.4 ambayo ni 431.8, jumla 668.3. Umeona? Tofauti haifiki hata nusu milimita. Rimu imeshuka inchi nzima, ubavu wa mpira umeongezeka, kimo kimebaki palepale, spidomita haijui kama kuna kitu kimebadilika, wala ABS, ile inayozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, wala nini. Hicho ndo tunachokitafuta, rimu ishuke, kimo kisibadilike. Kimo kikitofautiana kisizidi asilimia 3 hivi, hiyo ndo kanuni mafundi wanayotumia.

Nikampigia nikamwambia shem, 17. Akaanza, shem mi siwezi kutembelea rimu za bati kama gari ya posta, hizi 18 ndo zilinifanya niinunue hii gari. Nikamwambia hakuna anayekunyang'anya, zitaoshwa zitakaa stoo, utazivaa harusi zikianza. Akasema mbona jamaa fulani ana 19 na winta anaendesha. Ndio anaendesha, na Machi alikuwa anatafuta rimu moja tu Kijiji, ule mtandao wa kuuziana vitu huku, manake yake ilipinda kwenye shimo la barabara ya Hunt Club, hilo hakukusimulia. Mtu ambaye hajakaa hapa hawezi kujua haya mashimo yanavyotokea, maji yanaingia kwenye nyufa za lami, yanaganda yanavimba, yanayeyuka, yanaganda tena, ikifika Februari mwishoni lami inabanduka vipande, alafu shimo limejaa maji ya theluji unaona ni kidimbwi tu. Tairi yenye ubavu wa sentimita kumi ikiingia hapo rimu ndo inapokea. Yenye ubavu mrefu mpira unajikunja kwanza.

Alafu watu wanabisha kuhusu upana. Dada, tairi pana si ndo inashika zaidi? Kiangazi kwenye lami kavu sawa sibishi. Kwenye theluji mbichi iliyolala usiku tairi pana inapanda juu yake inaelea, nyembamba inakata inashuka chini kutafuta kitu kigumu, uzito wa gari ni uleule lakini unashuka kwenye eneo jembamba. Na kwenye ule uji wa theluji na chumvi unaojaa katikati ya leni kule barabara kuu ya Queensway, ukibadilisha leni na tairi pana unausikia usukani unakuwa mwepesi ghafla, yaani hakuna mtu nyumbani. Kwenye barafu tupu upana hausaidii wala haudhuru sana, hapo ni mpira wenyewe, na siku kavu ya baridi tairi pana iko sawa kabisa. Ila mi nachagua kwa ajili ya siku mbaya.

Na bei. Tairi za 19 ni ghali kuliko za 17 za jina hilohilo na kampuni hiyohiyo, ukipiga mara nne tofauti inaweza kulipia sehemu nzuri ya zile rimu za bati. Hapo ndo huwa nawaona watu wanaanza kunisikiliza.

Dada mmoja Mrundi wa Gatineau tunayefanya nae kazi ana RAV4 Limited, ilikuja na 235/55R19. Yeye kaweka 225/65R17, ambayo ni saizi ya RAV4 za bei ya chini. Ukipiga hesabu ile ya 19 ina kimo cha 741.1 na hii ya 17 ni 724.3, tofauti ni kama asilimia 2.3, ipo ndani ya ile tatu, na zote mbili ni saizi za kiwandani kwa gari hiyo. Maana yake spidomita ikisema 100 yeye kwa kweli yuko 98 hivi. Hajawahi kulalamika.

Kwahiyo njia rahisi kuliko zote wala sio hesabu, ni kuangalia gari kama yako, modeli hiyohiyo mwaka huohuo injini hiyohiyo, toleo la bei ya chini lilitoka kiwandani na rimu saizi gani. Hiyo ndo saizi yako ya winta. Injini hiyohiyo nimesema makusudi, kwasababu kinachokuzuia kushuka zaidi ni breki. Camry ya V6, yaani silinda sita, ina diski kubwa mbele kuliko ya silinda nne, na gari za sporti ndo usiseme, rimu ndogo inakwenda kugonga kaliper, ile inayobana diski ya breki. Siku ya kufunga za shemeji fundi hakukurupuka, alivalisha rimu moja tu mbele bila tairi, akabana nati mbili kwa mkono, akaizungusha polepole huku ameinamisha sikio, alafu akapitisha kidole kati ya kaliper na rimu kuona nafasi. Kilipopita akatabasamu akasema leteni zingine. Fundi wa hivyo ukimpata usimwache.

Vitu vingine vya rimu vinavyowatesa watu wanaonunua mitandaoni: matundu. Camry na RAV4 zina nati tano na duara lake ni 114.3, wanaandika 5x114.3. Corolla nyingi ni 5x100, hazivai za Camry hata uombe. Honda CR-V nayo ni 5x114.3 kwahiyo mtu anaona ah sawa tu, rimu za CR-V za jirani nitachukua. Ngoja. Tundu la katikati la Honda ni milimita 64.1, la Camry ni 60.1, rimu itaingia lakini haitakaa katikati sawasawa, ukifika spidi 100 usukani unatetemeka, unatakiwa uweke ile pete ya plastiki au ya aluminiamu ya kuziba hiyo nafasi. Na tena kuna jinsi rimu inavyokaa ndani au nje, ile namba ya ET, ikikosewa tairi inasugua ndani kwenye spring au inatoka nje ya bodi kama bajaji ya mashindano.

Nati! Hapa naomba msome taratibu. Rimu za kiwandani za aluminiamu za Toyota nyingi zinatumia nati yenye washa bapa, kile kipete cha chuma, inakaa flati. Honda za kiwandani nati yake ina kichwa cha duara kama mpira. Rimu nyingi za kununua dukani zinataka nati yenye kichwa cha pembe kama koni. Ukifunga nati isiyo yake itabana, utasikia imekaza, utaondoka zako, na baada ya wiki inalegea kwasababu ilikuwa inagusa kwenye mstari mwembamba tu. Tairi kuchomoka barabara kuu sio hadithi. Ukinunua rimu uliza na nati zake, sio bei tu, na ukishafunga tembea kama kilomita 100 alafu rudi ukazikaze tena. Toyota nyingi ndogo kipimo ni 103 Nm. Kuna spana ya kupimia, haina haja ya kuruka juu ya spana kwa miguu miwili kama nilivyoona mtu anafanya kwenye paking ya jengo letu.

Rimu ya bati au ya aluminiamu? Bati ni rahisi, ikipinda fundi anaweza kuinyoosha, kutu yake inaonekana tu haina madhara ya haraka. Aluminiamu inapendeza ila chumvi ya barabarani inaila pale mpira unapokutana na rimu na upepo unaanza kuvuja kidogokidogo kila wiki. Mi nina za bati. Shemeji kachukua aluminiamu nyeusi za 17, sawa, tumekutana katikati, rangi sina ugomvi nayo.

Namba za mwishoni, baada ya saizi pale ubavuni, msizisahau. 94V kwa mfano. 94 ni uzito ambao tairi moja inabeba, kilo 670. Usishuke chini ya ile ya mlangoni kwako, kupanda ruksa, 98 ni kilo 750. Herufi ni spidi, V ni 240, H ni 210, T ni 190, na tairi za winta nyingi ni T au H. Mtu mmoja alinigomea kabisa eti hawezi kushusha kutoka V kwenda T. Nikamuuliza unakimbilia wapi 190 na theluji ile, akacheka.

Nne. Nunua nne. Nimeshaona watu wanafunga mbili za mbele kwasababu gari inavuta mbele, wanaweka akiba. Mbele itashika, ukikanyaga breki kwenye kona nyuma inakuja kukusalimia dirishani. Na wenye gari inayovuta tairi zote nne nawaambia kwa upendo, hiyo inakusaidia kuondoka, taa ikiwa nyekundu wote tuna breki nne tu.

Za mtumba mi sizikatai, nimenunua Kijiji na nimefurahi. Ila soma tarehe, ubavuni kuna neno DOT na mwishoni tarakimu nne, 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira wa winta ukizeeka unakuwa mgumu hata kama kashata zipo, na ukishakuwa mgumu faida yake imekwenda. Na kina cha kashata kikikaribia milimita 4 hiyo sio ya theluji tena, sheria inaweza kuwa inaruhusu chini ya hapo lakini sheria haiendeshi gari. Angalia na mshale, tairi nyingi za winta zina mshale wa kuonyesha zinazunguka upande gani, nimewahi kupaki karibu na gari ambayo ya kulia mbele mshale unaangalia nyuma, na ilikuwa imefungwa gereji kwa risiti kabisa.

Upepo nao unawasumbua watu Desemba, taa ya njano inawaka wanadhani wana pancha. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 tairi inapoteza karibu psi 1, ndo kipimo cha upepo. Ukijaza 35 ndani ya gereji yenye joto la 20 alafu ukalaza gari nje kwenye -20, asubuhi utakuta kama 28. Hakuna pancha, jaza. Jaza tairi ikiwa ya baridi, sio baada ya kuendesha nusu saa. Na kama rimu zako za pili hazina zile sensa za upepo taa itawaka winta nzima, Canada hakuna sheria ya kulazimisha sensa kwahiyo wengine wanaiacha iwake, mi ingenitia wazimu, nimeweka.

Lini kufunga na lini kutoa. Usisubiri theluji ya kwanza, siku hiyo gereji zote zina foleni mpaka nje na simu hawapokei. Katikati ya Oktoba mpaka mwanzo wa Novemba weka miadi, ukiwa na rimu za pili ni kazi ya kuchomoa na kuchomeka, bei ndogo, hata mwenyewe unaweza ukiwa na jeki nzuri. Kutoa ndo watu wana haraka, jua la Machi linawadanganya, na wa Quebec wanaona tarehe 15 imepita basi. Tarehe 5 Aprili 2023 hapa ilinyesha mvua ya barafu miti ikavunjika umeme ukakatika, waliokuwa wameshatoa tairi walilala walipokuwa. Mi nangoja asubuhi zizoee kuwa juu ya nyuzi 7, mara nyingi ni mwisho wa Aprili.

Ukizitoa zioshe chumvi kwanza, zikauke, zitie kwenye mifuko meusi mbali na jua. Zenye rimu zilaze moja juu ya nyingine, zisizo na rimu zisimamishe. Mwenye nyumba wa apatimenti nyingi hataki kuziona kwenye baraza kwahiyo ulizia gereji, zipo zinazotunza kwa msimu kwa malipo. Andika kwa chaki ndani ya kila moja ilikuwa wapi, mbele kushoto, nyuma kulia, na nati zake zifunge kwenye mfuko uzining'inize kwenye rimu hiyohiyo, manake ukiziweka kwenye droo ya jikoni Novemba hazionekani.